Tupeane uzoefu: siku za viza ya utalii zilivyokubana uliporudi mpakani

#1
Wakuu, tuelezane yaliyotukuta, maana jambo hili linawaumiza hata watu waangalifu. Nilipata viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi, nikajua basi nina mwaka. Nikakaa Ujerumani siku 80, nikatoka, baada ya wiki tatu nikarudi nikiamini hesabu inaanza upya. Afisa akafunua pasipoti, akahesabu mihuri, akasema: zimebaki siku kumi. Tiketi yangu ya kuondoka ilikuwa ya siku 40 mbele. Nilibadilisha palepale dirishani kwa simu, mikono ikitetemeka, ndipo akagonga muhuri.

Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 hazina tarehe maalumu ya kuanzia. Kila siku uliyo ndani, geuka nyuma uhesabu 180 zilizopita. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia, hata ukitua saa tano na nusu usiku. Nchi zote 29 ziko kapu moja, kwa hiyo kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Italia hakukupunguzii kitu.

#2
Pole sana mtoa mada. Yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Nilikuwa na viza ya Uingereza pia, nikapanda treni Paris kwenda London siku mbili, ndege ya kurudi nyumbani ikiwa ya Paris. Sikujua kwamba Uingereza haimo kwenye kapu hilo, na nilipotoka tu, viza ya Schengen ilikuwa imekwisha kazi, ingawa tarehe yake bado. Nikanunua tiketi nyingine kutoka London. Tazameni neno lililoandikwa kwenye idadi ya kuingia kabla hamjapanga safari ya pembeni.

#3
Kwa Marekani, tarehe ya kwenye viza ni ya kukufikisha mlangoni tu. Siku za kukaa anakupa afisa pale unapoingia, na zinaandikwa kwenye rekodi ya I-94, ambayo unaweza kuiangalia mtandaoni. Nilikwenda Kanada wiki moja nikitegemea kupewa miezi sita mipya. Nikapewa tarehe ileile ya mwanzo ya kuondoka. Sikubishana, nikaondoka kwa wakati, na nashukuru: aliyezidisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anafungiwa kuingia tena kwa miaka 3, akifikisha mwaka, ni miaka 10.

#4
Mimi sikuzidisha hata siku moja, ila muhuri wa kutoka haukugongwa. Safari iliyofuata nikaonekana kama sikuwahi kuondoka! Kilichoniokoa ni kipande cha tiketi ya ndege na muhuri wa nchi niliyoingia baadaye. Vitunzeni hivyo. Najua tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya wameanza kuandikisha sura na alama za vidole badala ya mihuri, lakini vyangu bado naviweka kwenye bahasha.

#5
Mama alivunjika mguu Ureno zikiwa zimebaki siku nne. Nilikwenda uhamiaji na barua ya daktari kabla siku hazijaisha, na hapo ndipo penye uzito wote: kabla. Tuliongezewa muda bila malipo, kwa kuwa sababu ilikuwa nje ya uwezo wetu. Tulipoomba viza tena, tuliambatisha karatasi zile bila kusubiri kuulizwa.

#6
Mtoa mada nimerudi. #5, mpe mama pole zetu, na asante kwa hilo la barua ya daktari. #2, hilo la treni nimemtumia ndugu yangu anayesafiri mwezi ujao, naye viza yake ni ya kuingia mara moja. Bado natafuta mtu aliyerudishwa kabisa mpakani kisha akapata viza nyingine baadaye: kwenye fomu ulieleza nini, na uliambatisha nini?