Watani wamebeba Grey Cup ndani ya uwanja wetu Winnipeg, na hakuna anayewajibishwa

Wakuu, salaam. Uzi huu una povu jingi, mwenye moyo mwepesi apite kando mapema.

Kwa wasiofuatilia, naizungumzia Winnipeg Blue Bombers, timu ya mji wetu wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada. Siyo soka. Ni futiboli ya Kanada, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, wachezaji 12 kila upande, majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10, na uwanja mkubwa kuliko wa Wamarekani. Ukiishi Manitoba miaka kadhaa, mchezo huu utakupata tu hata kama ulikuja na jezi ya Yanga kwenye begi.

Jumapili ya tarehe 16 Novemba 2025 fainali ya ligi, Grey Cup, ilichezwa Princess Auto Stadium, nyumbani kwetu. Mara ya mwisho tulikuwa wenyeji 2015, miaka kumi nzima. Tangu mji ulipopewa fainali hii, kauli ilikuwa moja: kombe lirudi nyumbani, lichukuliwe nyumbani. Matokeo yake? Saskatchewan Roughriders 25, Montreal Alouettes 17. Sisi tulifagia uwanja, tukapanga viti, tukawasha taa. Watani wa jadi wakaja na jezi zao za kijani na matikiti maji kichwani (ndiyo, wanalichonga tikiti na kulivaa kama kofia, watu wazima wenye familia) wakabeba kombe mbele ya macho yetu.

Mtu wa Dar nitamweleza hivi: fikiria Yanga imetolewa mapema, halafu Simba anatawazwa bingwa na sherehe inafanyikia Jangwani. Basi ndiyo hiyo.

Utani huu si wa jana. Kutoka Winnipeg hadi Regina, mji wa Roughriders, hazifiki kilomita 600, barabara imenyooka, na kila mwanzoni mwa Septemba tunakutana mara mbili mfululizo, kwanza kwao halafu kwetu. Ile ya kwetu inaitwa Banjo Bowl, kwa sababu mwaka 2003 mpiga mateke wetu Troy Westwood aliwatukana watu wa Saskatchewan kwamba ni wapiga banjo waliooana ndugu kwa ndugu. Alipobanwa aombe radhi, akasema anasikitika, maana wengi wao hawajui hata kupiga banjo. Hao ndio watu tuliowatayarishia sherehe. Jumatatu kazini kuna jamaa wa Regina alifika na tikiti zima, akaliweka juu ya meza ya chakula, hakusema neno. Angesema kitu ningepata pa kumjibia.

Lakini hasira yangu haiko kwa Saskatchewan. Wao wamefanya kazi yao, na walikuwa hawajalishika kombe tangu 2013. Hasira yangu iko kwa viongozi wa Bombers, na naomba tuangalie namba kwanza kabla hamjaniambia nina chuki.

Msimu wa 2022 tulishinda mechi 15 kati ya 18. 2023 tukashinda 14. 2024 tukashinda 11. 2025 tumeshinda 10. Hiyo ni ngazi, na tunashuka. Mtoto wa darasa la pili angeiona. Ila pale ofisini kila mwisho wa msimu wimbo ni uleule: tuna wakongwe, tuna uzoefu, tuna umoja chumbani, mwaka kesho tutarudi.

Tukarudi kweli, nisiwanyime haki yao. Fainali tano mfululizo, 2019, 2021, 2022, 2023 na 2024, kwa sababu 2020 ligi haikuchezwa. Mbili za kwanza tulichukua, zote mbele ya Hamilton. Ile ya 2019 kule Calgary ilimaliza ukame ulioanza baada ya 1990, na niliona wazee wakilia barabarani. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyekuwemo kwenye kikosi kile amegeuka mtakatifu. Hagusiki. Kocha Mike O'Shea, mzee wa kaptula hata baridi ikikata masikio, ni muungwana, anawapenda vijana wake na wao wangemfia. Sawa. Lakini upendo wake umekuwa mzigo kwa timu. Anawarudisha watu kwa sababu ya walichofanya, siyo kwa sababu ya wanachoweza kufanya Novemba hii.

Angalia tulivyopoteza fainali tatu. 2022 pale Regina, tumefungwa 24 kwa 23 na Toronto. Pointi moja! Teke letu la mwisho limezuiwa na mkono wa Robbie Smith. Nikasema sawa, bahati. 2023 kule Hamilton, Montreal wanatushinda 28 kwa 24, pasi ya Cody Fajardo kwa Tyson Philpot zikiwa zimebaki sekunde 13. Nikasema tena bahati, ingawa safari hii nilisema kwa sauti ndogo. Timu inayoongoza sekunde 13 kabla ya kipenga halafu inapoteza haikosi bahati tu, inakosa miguu. Ulinzi ulikuwa umechoka, kila mtu aliyekuwa anatazama aliona wanahema.

Sasa 2024, Vancouver. Hii sitaisamehe. Toronto walikuja bila kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wao, Chad Kelly, aliyevunjika mguu wiki moja kabla. Wakamtumia wa akiba, Nick Arbuckle. Tulipaswa kumla mzima. Badala yake Zach Collaros wetu anaumia kidole cha mkono wa kurushia, kinatiwa ganzi, anarudishwa uwanjani. Mrusha mpira, kidole hakina hisia, fainali ya ligi! Pasi nne zikaishia mikononi mwa Toronto, moja ikakimbizwa moja kwa moja hadi kuwa tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja, pointi sita). Mwisho 41 kwa 24, na Arbuckle, mtu wa akiba, akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Najua mtaniambia akiba wetu mzoefu, Chris Streveler, alikuwa ameshaumia goti. Ndiyo. Aliyebaki benchi alikuwa kijana asiye na uzoefu. Na nani alipanga tuingie mwezi wa mwisho na akiba wa namna hiyo? Mimi?

Kinachouma zaidi ni kwamba kocha wa Toronto katika fainali za 2022 na 2024 alikuwa Ryan Dinwiddie. Wenye kumbukumbu wanalijua jina hilo. 2007 kwotabeki wetu Kevin Glenn alivunjika mkono wiki moja kabla ya fainali, na aliyeingizwa kuziba pengo alikuwa Dinwiddie huyohuyo, akiwa amevaa jezi yetu. Saskatchewan walimdaka pasi tatu, wakashinda 23 kwa 19. Yaani yule bwana aliujua uchungu wa kupelekwa fainali akiwa mtu wa akiba, na miaka 17 baadaye akaja na wa akiba wake aliyetayarishwa vizuri kuliko nyota wetu. Mwenzetu alijifunza kutoka kwenye kipigo chetu. Sisi tulijifunza nini?

Basi ikaja 2025. Kocha wa ushambuliaji, Buck Pierce, akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa BC Lions ya Vancouver. Huwezi kumzuia mtu kupanda cheo. Lakini mbadala akatafutwa wapi? Humohumo ndani, Jason Hogan akapandishwa. Hakuna jicho jipya, hakuna wazo la nje. Kule Vancouver, Pierce akamkuta kwotabeki Nathan Rourke, na Rourke akamaliza mwaka akiwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kenny Lawler, mpokeaji wetu hatari kuliko wote, akaachiwa aende Hamilton, na huko akapokea pasi za yadi zaidi ya 1,000. Tyrell Ford, beki kijana aliyekuwa anadaka pasi za watu kama anachuma maembe, akaenda Edmonton kucheza na pacha wake. Mwaka mmoja nyuma Jermarcus Hardrick, nguzo ya ukuta wetu wa mbele (wale wanaomkinga kwotabeki), alishahamia kwa watani wenyewe. Vijana wanaondoka, wazee wanabembelezwa. Stanley Bryant namheshimu, ni fundi, amechukua tuzo ya mchezaji bora wa ukuta wa mbele mara nne. Msimu wa 2025 alikuwa na miaka 39. Collaros alikuwa na 37. Willie Jefferson alikuwa na 34. Huu si ukoo, hii ni timu!

Na msimu wenyewe tuliuanza Collaros akiwa nje, anatumikia adhabu ya mchezo mmoja kwa kutofanya kipimo cha dawa zilizokatazwa michezoni. Streveler akaingia, tukawapiga BC 34 kwa 20, watu wakaanza kupiga honi. Juni ni Juni. Baada ya hapo tukawa timu ya leo juu, kesho chini, hadi tukamaliza wa nne upande wa Magharibi (ligi imegawanywa Magharibi na Mashariki). BC na Calgary walimaliza na ushindi 11 kila mmoja, sisi 10.

Sheria za ligi zinaruhusu wa nne wa upande mmoja kuvuka kwenda mchujo wa upande mwingine akiwa na rekodi bora kuliko wa tatu wa kule. Toronto walikuwa hoi, tukavuka Mashariki. Tangu utaratibu huu uanze miaka ya tisini, hakuna timu iliyopita njia hiyo ikafika fainali. Hakuna! Na sisi, wenyeji wa fainali, ndiyo njia tuliyochagua. Tarehe 1 Novemba tukaenda Montreal, tukafungwa 42 kwa 33. Alama 33 ugenini kwenye mchujo zinatosha siku nyingi. Lakini ulinzi unaoruhusu 42? Ulinzi ndio uliokuwa fahari yetu! Zamani timu pinzani ikija kwetu ilikuwa inaomba Mungu ipate hata teke la pointi tatu.

Mtu atauliza, mmiliki anasema nini. Hapo ndipo pananiwasha. Bombers haina mmiliki. Ni klabu ya jamii, haigawi faida, ina bodi ya wakurugenzi. Zamani niliona ni jambo zuri, hakuna tajiri wa kuihamisha timu akiamka vibaya. Lakini angalia upande wa pili: hakuna tajiri wa kukasirika. Kule Saskatchewan angalau shabiki ananunua hisa, anaenda mkutano mkuu, anainuka kuuliza. Hapa kwetu hata hisa ya kutundika ukutani hakuna. Tunaitwa wenye timu siku ya kununua jezi. Rais Wade Miller na meneja mkuu Kyle Walters wapo tangu 2013, O'Shea tangu msimu wa 2014. Walijenga timu kutoka kwenye vumbi, sipingi. Ila kazi nzuri ya 2019 haiwezi kuwa jibu la kila swali la 2025.

(Wala sijagusa ligi yenyewe, iliyotangaza Septemba kwamba kuanzia 2027 uwanja utapunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100 na milingoti ya goli irudishwe nyuma. Yaani tufanane na Wamarekani. Huo ni uzi mwingine, nitauanzisha nikitulia.)

Ninachotaka ni hiki. Kocha wa ushambuliaji atoke nje ya familia hii, mtu ambaye hakuwa Calgary 2019 na hadaiwi fadhila na yeyote. Kwotabeki kijana aletwe sasa na apewe mechi za Juni na Julai, siyo asubiri hadi mkubwa avunjike Novemba. Brady Oliveira, mchezaji bora wa ligi wa 2024, mtoto wa Winnipeg hapahapa, apewe mpira akimbie, tuache kurusha kwenye upepo wa Oktoba kana kwamba tuko Miami. Na wakongwe watano au sita wafanyiwe sherehe kubwa, wapewe maua, wapigiwe makofi dakika kumi, nami nitasimama nipige hadi viganja viume. Kisha waende nyumbani.

Kama kuna mtu humu wa Winnipeg, Brandon au kokote Manitoba anayeona mimi nimezidisha, aje. Ila aje na maelezo ya zile 15, 14, 11 na 10. Asije na "mwaka kesho".

Nyongeza: Naona kuna ndugu wa Edmonton anacheka. Mkuu, nyinyi mlipoteza mechi 22 mfululizo nyumbani kati ya 2019 na 2023. Kaa kimya kidogo.

Nyongeza ya pili: Aliyeuliza fainali nilitazamia wapi, nilikuwa uwanjani. Tiketi nilinunua mapema nikiamini tutakuwemo. Hapana, sikuondoka kabla ya kombe kukabidhiwa, mistari ya magari kutoka pale chuo kikuu, uliko uwanja, haikuwa inasogea.