Ushauri: siku tano Lesotho nikiwa na mama mzazi na mtoto, twende wapi na tuache wapi?

Mwana wa Pangani ameandika:

Ndugu zangu wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mtanzania niliyeko masomoni Bloemfontein, Afrika Kusini, na huu ni mwaka wangu wa pili. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa huko nyumbani, mke wangu anakuja kunitembelea pamoja na mtoto wetu wa miaka tisa na mama yangu mzazi, ambaye ametimiza miaka 67 na magoti yanamsumbua. Kutoka hapa hadi Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ni kama kilomita 150 tu, na nimeona haya kukaa mlangoni pa watu muda wote huu bila hata kupiga hodi.

Tuna siku tano na gari dogo la kukodi. Nimeandika orodha ifuatayo: Thaba Bosiu, maporomoko ya Maletsunyane, bwawa la Katse, Sani Pass, hifadhi ya Sehlabathebe, na Afriski ili mtoto akacheze kwenye theluji. Nikitazama ramani naona nchi yote ina kilomita za mraba 30,355, yaani inauzidi kidogo tu Mkoa wetu wa Tanga, kwa hiyo sioni kwa nini tusiimalize. Mke wangu ameitazama orodha hiyohiyo akacheka. Naomba waliofika huko wanieleze amecheka nini.

Dereva wa Masafa amejibu:

Amecheka kwa haki, mkuu. Kosa lako ni kuipima Lesotho kwa ramani iliyolala mezani, wakati nchi yenyewe imesimama wima. Ndiyo nchi pekee duniani ambayo yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hata pale chini kabisa, mto Makhaleng unapoingia mto Senqu, ni mita 1,400. Watu wa Pangani mtakuwa mmepanda mlima kabla hata hamjashuka garini.

Chukua kona za mlima Kitonga kule Iringa, kisha uzirudie mara tatu au nne kwa siku moja, ndipo utaelewa barabara ya kutoka Maseru kwenda katikati ya nchi. Kuna mahali panaitwa Lekhalo la Baroa, halafu unakutana na pengine panapoitwa Molimo Nthuse, maana yake "Mungu nisaidie". Lami ipo na ni nzuri, lakini utatembea kwa mwendo wa lori lenye mzigo, na nyuma ya kila kona unaweza kukuta kundi la kondoo likiwa limejaa barabara nzima huku mchungaji akija taratibu, amejifunga blanketi na kuvaa mabuti ya mpira.

Kwa hiyo futa Sani Pass. Kule juu ni mita 2,876, mandhari hayana mfano, lakini sehemu maarufu ni ule mteremko wa mawe upande wa Afrika Kusini, ambao hauruhusiwi kwa gari lisiloendeshwa na magurudumu yote manne, na kwa njia ya Lesotho unazunguka kaskazini yote kupitia Mokhotlong. Sehlabathebe nayo ifute. Iko kona ya kusini-mashariki, ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2013 pamoja na milima ya Drakensberg, na inastahili safari ya peke yake ya watu wenye magoti mazima.

Binti Makete amejibu:

Nakubaliana na Dereva, na ninaongeza ushauri mmoja: chagueni vituo viwili vya kulala, msihame kila siku. Mzee akifungasha begi kila asubuhi katika baridi ile, siku ya tatu atataka kurudi nyumbani.

Kituo cha kwanza kiwe Maseru au jirani yake, usiku wa kwanza na wa pili. Thaba Bosiu iko kilomita 24 hivi kutoka mjini, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu usipoijua Thaba Bosiu hutaelewa kwa nini Lesotho ipo kama nchi. Moshoeshoe wa Kwanza alihamia juu ya mlima huo mwaka 1824, wakati vita na njaa vilipokuwa vikiwatawanya watu kusini mwa Afrika, akawapokea wakimbizi wa koo mbalimbali na kuwafanya taifa moja. Mlima una kilele bapa chenye maji na malisho, na njia za kupanda ni chache na nyembamba, kwa hiyo watu wachache walitosha kuulinda. Makaburu walijaribu mwaka 1865, na kamanda wao Louw Wepener aliuawa kwenye njia ya Khubelu. Mlima haukutekwa, ingawa mashamba mengi mazuri ya bondeni yalipotea, na mwaka 1868 mfalme akaingia chini ya ulinzi wa Waingereza ili kuokoa kilichobaki. Kaburi lake liko kulekule juu. Kupanda kunahitaji mwongoza wageni na si kwa mama yako, lakini chini kuna kijiji cha utamaduni ambako anaweza kukaa akiona mlima wote, pamoja na kile kilima cha Qiloane ambacho husemwa ndicho kilichotoa umbo la kofia ya Kisotho, mokorotlo.

Siku ya pili nendeni Morija, kusini mwa Maseru, kiasi cha kilomita 45. Ni kituo cha wamisionari wa Kifaransa waliofika mwaka 1833, na makumbusho yake ni madogo lakini yamepangwa kwa akili. Mtoto muulizie nyayo za dinosari: eneo hilo lina alama zilizobaki kwenye miamba, na hakuna somo la darasani litakaloshindana na kuweka kiganja chake ndani ya unyayo wa namna hiyo. Kama mama anapenda ufumaji, Teya-Teyaneng iko upande wa kaskazini, na kina mama wa pale hufuma mazulia ya ukutani kwa sufu ya mbuzi wa Angora. Mbele yake kuna mapango ya Kome, ambamo nyumba za udongo zimejengwa chini ya mwamba tangu karne ya 19 na bado zina wenyewe. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Mzee wa Kibaha amejibu:

Vijana mnazungumzia historia, na hakuna aliyemwambia huyu ndugu kuhusu baridi. Mwishoni mwa Juni ni katikati ya kipupwe. Usiku maji hugeuka barafu kwenye ndoo. Mtu wa Pangani mnunulie soksi za sufu kabla hajapanda ndege, na mnapoweka nafasi ulizeni kama chumba kina moto. Afriski, iliyo juu ya mita 3,000 katika wilaya ya Butha-Buthe, ina theluji kuanzia Juni hadi Agosti, na isipoanguka ya Mungu wanayo mashine ya kuitengeneza, lakini barabara ya kupandia huko, ya Moteng, ikishika barafu gari dogo halifai. Mtoto atasamehe.

Mwana wa Pangani ameandika:

Nashukuru sana, na mke wangu ameniomba niandike hapa kwamba amesoma majibu yote. Nimefuta Sani, Sehlabathebe na Afriski. Sasa nimebaki na usiku wa tatu na wa nne, na nasita kati ya Katse na Semonkong, yaliko yale maporomoko ya Maletsunyane. Lipi lina faida zaidi kwa mtu asiyeweza kutembea sana?

Mtu wa Mabwawa amejibu:

Katse, bila kusita. Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni maji, kwa hiyo nichukulieni kama shabiki. Ukuta wa bwawa una urefu wa mita 185 kwenda juu, umepinda kama nusu ya bakuli, na umejibana katikati ya milima miwili. Mkataba ulisainiwa mwaka 1986 kati ya Lesotho na Afrika Kusini, na maji yake hupita chini ya milima kwa mahandaki hadi kwenye mfumo wa mto Vaal, halafu Johannesburg na mkoa wote wa Gauteng. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme ya Muela, na Lesotho inalipwa kwa kila yanavyotoka. Wenyewe huyaita dhahabu nyeupe. Ukisimama pale unaona nchi masikini inayomuuzia jirani tajiri kitu ambacho jirani hawezi kukitengeneza. Mabonde yaliyofunikwa yalikuwa na mashamba na vijiji pia, jambo ambalo waongoza wageni hulitaja haraka mno.

Kwa mama ni rahisi: lami inafika, unaona bwawa bila kutembea, na kuna bustani ya mimea yenye ile subili ya kuzunguka kama konokono, ambayo asili yake ni Lesotho peke yake.

Binti Makete amejibu:

Kaka wa mabwawa amesema kweli, ila hajasema kwamba kwenda Katse kutoka kaskazini kunapitia Mafika Lisiu, mita 3,090, na mwisho wa Juni hapo panaweza kuwa na theluji barabarani. Kwa gari dogo na familia, mimi ningelala Semonkong.

Barabara inapitia mji wa Roma, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa, kisha inapanda hadi mji wenyewe, ambao bado ni wa farasi kuliko magari. Jina lake maana yake ni mahali pa moshi, kwa sababu ya mvuke wa maporomoko ya Maletsunyane, yanayoanguka mita 192 kwa mara moja. Lazima niseme ukweli: Juni mvua hakuna huko, maji huwa kidogo, na ukitaka kuona moshi wenyewe uende Januari au Februari. Badala yake utapata barafu kwenye kuta za korongo na anga safi kuliko wakati wowote. Mtoto atapanda farasi wa Kisotho, ambao ni wapole na hawatelezi. Mama mkodishieni gari la wenyeji limfikishe karibu na ukingo.

Dereva wa Masafa amejibu:

Ya mwisho kutoka kwangu ni makaratasi, maana yalinigharimu. Kampuni moja ya magari, jina naliacha, ilinikabidhi ufunguo bila barua ya ruhusa ya kuvusha gari nje ya Afrika Kusini, nami sikuuliza. Nilirudishwa darajani na watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Omba barua hiyo siku unapoweka oda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na hakikisha kibali chako cha masomo na pasipoti za wageni wako zinaruhusu kutoka na kurudi. Ulizia mapema masharti ya viza ya Lesotho kwa Watanzania. Mpaka wa Maseru Bridge hufunguliwa saa 24, lakini Ijumaa ya mwisho wa mwezi foleni ni ndefu kwa kuwa wafanyakazi wanarudi makwao.

Randi inapokelewa kote Lesotho kwa thamani sawa na loti (zikiwa nyingi, maloti), fedha ya huko. Maloti yasipokwisha ndio tatizo, kwa sababu upande wa pili hakuna anayeyataka. Jaza mafuta Maseru, na jua likizama uwe umeshafika: ng'ombe hawana taa.

Mwana wa Pangani ameandika (mrejesho):

Wakuu, tumerudi salama. Tulilala Maseru mara mbili na Semonkong mara mbili. Katse nimeiweka Machi, nikiwa peke yangu na Mtu wa Mabwawa akipenda.

Thaba Bosiu mimi na mtoto tulipanda, mama akabaki chini. Tuliposhuka tulimkuta amekaa kwenye jua na bibi mmoja wa Kisotho, kila mmoja akitaja neno kwa lugha yake huku akionesha kwa kidole. Metsi, maji. Nama, nyama. Batho, watu. Noha, nyoka, na hapo wote wawili waliinua miguu. Niliposema kwamba bosiu ni usiku, mama akaniambia ameshaambiwa. Watu wote walimwita 'm'e, yaani mama, na mimi nilikuwa ntate, yaani baba, tangu mpakani, kwa hiyo adabu ya nyumbani haikupotea.

Maletsunyane ilikuwa kamba nyembamba ya maji, kama mlivyoonya. Tulifika saa tatu asubuhi korongo likiwa bado na kivuli, na kwenye ukuta wa mwamba barafu ilikuwa inaning'inia kama mishumaa; jua lilipoigusa ikaanza kukatika vipande, na mlio wake ulifika juu ukiwa umechelewa. Mtoto alitaka tusiondoke mpaka vyote vianguke.

Mzee wa Kibaha, soksi zilisaidia lakini hazikutosha. Semonkong mama alinunua blanketi la Kisotho lenye mahindi, na muuzaji akamfundisha kulifunga: wanaume hubana pini begani, wanawake kifuani, na ile mistari lazima isimame wima, isilale, kwa sababu inaonesha kukua. Hakulivua tena hadi uwanja wa ndege. Jana amenipigia simu kutoka Pangani, jasho linamtoka, anauliza kama kuna namna ya kulivaa ndani ya dari la makuti bila kuonekana amechanganyikiwa.