Tupeane uzoefu: nyumba ya marehemu iliwafikisha wapi?

Mwana wa Temeke: Jana nimepita Mbagala nikakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Moyo ulinilipuka. Maneno yale yale niliyaandika mwenyewe kwenye ukuta wa marehemu baba, 2014, saa tano usiku, mdogo wangu ananimulikia kwa simu. Asubuhi baba mdogo akaja na ndoo ya chokaa akayafuta. Usiku tukaandika tena. Waliopitia haya semeni.

Kijuso: Umenigusa. Kwetu plasta ilibanduka kwa kufuta na kuandika.

Mtoto wa Mama Maandazi: Natetemeka ninavyoandika. Baba alifariki 2011. Baada ya arobaini baba mkubwa akasema atafuatilia mirathi yeye, sisi bado wadogo. Mama akampa cheti cha kifo na hati kwa mikono yake miwili. Miaka miwili kimya. Asubuhi moja mama yuko uani anakaanga maandazi ya wateja, akaingia kijana na futi ya chuma, hata hodi hakupiga. Anapima vyumba. Alipofika jikoni akamwambia, "Mama, sogeza karai kidogo nipate kona." Mama akalisogeza! Mafuta yanachemka, kalishika kwa kanga, akijua ni watu wa maji. Ndipo kijana akasema bosi wake ameshanunua.

Tukakimbilia Mahakama ya Mwanzo kuomba jalada. Ndani mna muhtasari wa kikao cha ukoo, majina 11. La nne ni la bibi mzaa baba, na dole gumba lake kwa wino wa buluu. Bibi tulimzika mwaka mmoja kabla ya baba.

Kijuso: Dole la marehemu!

Shekhe Mdogo: Pole sana binti. Ila kwa mirathi ya Kiislamu mjane fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane, msidai nyumba nzima.

Mtoto wa Mama Maandazi: Thumni ya mama, na sisi watoto je? Kaka yangu yupo. Marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu yake harithi hata tofali. Shekhe wetu alimwambia baba mkubwa hivyo mbele ya watu, akanyanyuka akaondoka.

Shekhe Mdogo: Hapo kweli. Nimekosea kuanza na thumni.

Nyegera: Nyie mna thumni. Kwetu Kagera shangazi aliambiwa mwanamke hauzi kibanja, yaani shamba la ukoo, wakati Jaji Mwalusanya alishalimaliza 1990 pale Mahakama Kuu Mwanza, kesi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke anauza kama mwanaume. Kijijini hukumu hiyo hakuna aliyeisikia. Migomba wamekata.

Mlipa Pesa: Mimi nipo upande mnaoutukana. 2016 nilinunua kwa msimamizi wa mirathi mwenye Fomu Na. 4, ile ya kuteuliwa, mhuri wa mahakama upo, milioni 38, jasho la miaka tisa. Leo naitwa mwizi.

Mwana wa Temeke: Waliokuwa wanaishi ndani uliwauliza?

Mlipa Pesa: Niliambiwa ni wapangaji.

Mwana wa Temeke: Na ukaridhika. Mjane kukaa miaka 20 ukamwita mpangaji!

Mlipa Pesa: Mkuu, mimi pia nina watoto. Aliyenidanganya ni ndugu yenu, si ndugu yangu.

Mama Tunu: Msigombane. Msimamizi si mrithi, ameshikishwa tu agawe. Mahakama ya Mwanzo inampa miezi minne alete orodha ya mali na hesabu, Fomu Na. 5 na Na. 6. Asipoleta, mrithi yeyote aombe atenguliwe. Msikae kimya mkisema ni mkubwa wetu.

Kijuso: Dawa ni wosia.

Nyegera: Wosia ndio uliotupeleka mahakamani sisi. Kila mke alitoa wake.

Babu Kibatari: Hati usimpe hata malaika. Lala nayo.

Mama Tunu: Nendeni kwa Msajili wa Hati mkaweke zuio mapema nyumba isihamishwe jina, kulala nayo hakusaidii.

Kijuso: Lile dole liliishia wapi?

Mtoto wa Mama Maandazi: Tulipeleka cheti cha kifo cha bibi. Hakimu akavishika viwili, muhtasari mkono huu, cheti mkono huu, akamuuliza baba mkubwa, "Huyu alisaini saa ngapi?" Hakujibu. Usimamizi ukatenguliwa, akateuliwa kaka. Nyumba yenyewe sasa tunaidai kwa mnunuzi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mlipa Pesa: Mama bado yupo pale?

Mtoto wa Mama Maandazi: Yupo. Karai amelirudisha pale pale kwenye ile kona. Tunatajwa Jumatatu.