Ulinganisho: paka mchanga, paka mzima wa familia inayohama, au paka wa mtaani? (Goma)

Depo_Birere

Salamu wandugu. Tunatafuta paka wa manyoya mafupi wanaohitaji makao mapya, si wa kununua. Mahitaji ni mawili. Kuna nyumba ya Katindo yenye watoto wa miaka 4 na 7. Mkubwa hupiga chafya ovyo, ndiyo maana tunasema manyoya mafupi. Halafu kuna depo ya maharagwe na mahindi Birere, panya wanatoboa magunia.

Njia zilizopo ni tatu: (1) watoto wa paka wa jirani, wana wiki 6, (2) jike mzima wa familia inayohama mwisho wa mwezi, (3) dume wa mtaani anayelala nyuma ya depo. Mngechukua yupi, na kwa nini? Paka mmoja anaweza kushika kazi zote mbili?

Veterineri_Himbi

Ndugu, ondoa kwanza wazo la paka mmoja kwa sehemu mbili. Paka hushikamana na mahali. Ukimpeleka na kumrudisha kati ya Katindo na Birere, atatoroka akitafuta kule alikozoea.

Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4, namba 2 bila kusita. Tabia ya paka mzima imeshajulikana: waulize wenyewe kama amezoea watoto, anajisaidia wapi, anaogopa nini, na watakujibu. Wa wiki 6 hakuna awezaye kukuambia atakuwaje. Tena mtoto mdogo hubana na kuangusha. Paka wa nusu kilo huvunjika mguu kirahisi, paka mzima hujiondokea.

Kabla ya kukubali, mkague siku ya mchana, si usiku kwa tochi:

– Ufizi uwe wa waridi. Mweupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi viroboto au minyoo.
– Ndani ya sikio kukiwa na uchafu mweusi mkavu kama kahawa iliyosagwa, hao ni utitiri wa masikio. Hutibika, lakini huwaambukiza paka wengine.
– Pitisha kitana chembamba mgongoni, kung'uta kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu ni kinyesi cha viroboto.
– Mabaka ya duara yasiyo na nywele kichwani au miguuni: shuku ukungu wa ngozi, ambao huwapata watoto wenu pia. Hapa ndipo manyoya mafupi yana faida ya kweli, baka linaonekana mapema.
– Akiwa mweupe mwenye macho ya buluu, piga makofi nyuma yake. Wengi wa aina hiyo ni viziwi na hawafai kuachwa nje penye magari.

Omba kadi ya chanjo yenyewe, si maneno. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12 na kurudiwa baada ya mwaka mmoja. Baada ya hapo hutegemea aina ya chanjo, mwaka 1 au 3. Na uliza kama amefungwa kizazi. Kama hawana hakika, tafuta kovu chini ya kitovu au ubavuni. Chuchu zilizovimba na kuwa za waridi ni dalili kwamba ana mimba ya wiki 3 hivi. Mimba nzima huchukua siku 63 hadi 65, kwa hiyo unaweza kukuta umechukua paka watano badala ya mmoja.

Swali moja ambalo watu hulisahau: je, kwenye nyumba ya Katindo kuna paka aliyekufa kwa kutapika na kuhara mwaka huu? Virusi vya panleukopenia, vinavyoleta hali hiyo, hukaa sakafuni na kwenye vitambaa hadi mwaka mzima. Kama ndiyo, usilete paka asiyechanjwa. Osha kwa sabuni kwanza, halafu javel (maji ya klorini) ya asilimia 5, mililita 30 kwa lita moja ya maji, iache dakika 10, kisha suuza vizuri.

Mama_Keshero

Veterineri, nakubali ukaguzi wote, lakini usiwafunge mlango wale wadogo. Wao ndio wanaokufa wengi, na paka mwenye miezi mitatu aliyekua kati ya watu huzoea watoto kuliko mzima yeyote. Dirisha la kuzoea binadamu ni kati ya wiki ya 2 na ya 7. Kwa hiyo kazi inafanyika sasa hivi, kwa jirani, kabla paka hao hawajaondolewa kwa mama yao: watoto wa Depo waende kila siku, wakae chini, wawashike kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya matako. Wawachukue wakifika wiki 8, bora 10 au 12. Wa wiki 6 akiondolewa kwa mama hajafunzwa kuuma kwa upole, na ndiye anayekuja kukwaruza mikono ya watu.

Umri usiamini kwa mdomo. Wa miezi miwili ana karibu kilo moja na meno yote ya utotoni. Meno madogo ya mbele hubadilika akiwa na miezi 4 hivi, na kufikia miezi 6 au 7 ana meno yote ya kudumu.

Tena nasema: chukueni wawili wa tumbo moja, siyo mmoja. Wawili huchezeana wao kwa wao, na mapazia na miguu ya watoto yanapona. Jinsia: kwa jike matundu mawili yako karibu sana; kwa dume yako mbali kidogo na kati yake kuna vifuko. Na wale weusi wasiachwe nyuma. Hapa kwetu maneno ya uchawi yanawanyima makao, na hawana kosa lolote.

Veterineri_Himbi

Mama Keshero, kwa nyumba ambayo mtu mzima yupo mchana kutwa, sawa kabisa. Lakini wawili maana yake ni dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Chanjo ya panleukopenia na mafua kuanzia wiki 6 hadi 8, ikirudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Na operesheni mbili. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, na ndugu yake wa kiume hatajali undugu. Mkichukua dume na jike bila kupanga operesheni kabla hawajafikisha miezi 5, mtarudi humu kutafutia makao wengine.

Yaya_Majengo

Mimi nijibu la depo, maana hapo namba 1 na 2 zote ni makosa. Paka mchanga kwenye depo ni chakula cha panya wakubwa, na paka aliyelelewa sebuleni atakimbia siku ya kwanza. Yule dume ameshachagua mahali mwenyewe. Kinachobaki ni kumrasimisha.

Tazama sikio la kushoto kwanza. Ncha ikiwa imekatwa kwa mstari mnyoofu, ameshahasiwa. Kama bado, na mashavu yake ni mapana na mkojo wake unanuka hadi barabarani, panga ahasiwe. Mlishe saa ileile, mahali palepale, kwa wiki moja. Kisha weka chakula ndani ya kizimba cha mtego bila kukitega. Siku ya kutega usimpe kingine chochote tangu jioni. Paka wa mtaani usimkamate kwa mikono wala kwa gunia. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama paka ataugua. Chanjo yake ichomwe akiwa bado amelala kwa dawa ya operesheni, kwa sababu hutampata tena kirahisi.

Akitoka operesheni, mfungie ndani ya depo wiki 3 hadi 4, kwenye chumba kidogo au kizimba cha mbao na wavu chenye urefu wa mita 2 hivi, kikiwa na boksi la kujificha, beseni la mchanga na maji. Ukimwachia baada ya siku tatu anapotea: hajapata sababu ya kurudi. Pia dume aliyehasiwa bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, hilo lisikushangaze.

Sasa panya. Paka hukamata vipanya na panya wachanga. Panya mzima mwenye zaidi ya gramu 250 paka wengi humkwepa. Kwa hiyo paka peke yake hatasafisha depo. Inua magunia juu ya mbao, acha nusu mita kati ya rundo na ukuta ili paka apite, ziba kila tundu linalozidi unene wa penseli kwa saruji na vipande vya bati. Mlishe kila siku: paka mwenye njaa haendi kuwinda zaidi, anahama.

Na sumu itoke yote kabla paka hajaingia. Zile za kuzuia damu isigande hukaa mwilini mwa panya, paka akimla naye anapata. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi mweupe, damu puani, kuhema kwa shida. Dawa yake ni vitamini K1 kwa wiki nyingi, na ni lazima veterineri aianze mapema.

LacVert_Mlinzi

Niongeze jambo moja kwa wote wanaokaa upande wa magharibi, Himbi, Keshero, Bulengo hadi Lac Vert. Mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo ya misingi isiyomalizika, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Paka anapumua sentimita 20 kutoka ardhini, kwa hiyo yeye anakufa mahali ambapo wewe umesimama na huhisi kitu. Kizimba kisiwekwe shimoni wala kwenye chumba kilicho chini ya usawa wa parseli (kiwanja). Kiweke juu ya meza, ndani ya nyumba yenye hewa. Katindo na Birere hatari hiyo ni ndogo, lakini atakayesoma haya akiwa Keshero ajue.

Depo_Birere

Asanteni sana. Basi depo ni dume, limekwisha. Nyumbani naona mzima. Yamebaki maswali mawili: chafya za mtoto, na chakula. Familia ile inampa chembe kavu za kutoka ng'ambo, sisi tutampa cha hapa.

Veterineri_Himbi

Chafya: manyoya mafupi hayatamsaidia. Kinachosababisha mzio ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, na paka wote wanayo. Kabla ya kuchukua, mpeleke mtoto kwa ile familia akae na paka huyo saa moja au mbili, mara kadhaa, siku tofauti. Akivimba macho au kukohoa, mtafutieni jike huyo nyumba nyingine mapema, wakati wenyewe bado wapo. Asipodhurika, paka asiingie chumba cha kulala, na mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki.

Jikoni_Ndosho

Chakula nakijibu mimi. Paka si mbwa: bugali na mchuzi humjaza tumbo tu. Anahitaji taurini, ambayo iko kwenye nyama na samaki; akiikosa kwa miezi, moyo na macho huharibika.

Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ndiyo rahisi kwetu, lakini ichemshwe. Samaki wa jamii hiyo wakiwa wabichi huwa na kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekula wabichi kila siku huanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Kuchemsha kunakiua. Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 150 hadi 200 za sambaza mbichi iliyochemshwa kwa siku, mara mbili, au gramu 50 hadi 60 za iliyokaushwa bila chumvi, ikiwa imelowekwa na kuchemshwa. Mpe na maji uliyochemshia, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mifupa midogo ya sambaza iliyoiva aile, ndiyo kalsiamu yake. Mara mbili kwa wiki mbadilishie: moyo wa ng'ombe au utumbo wa kuku ulioiva. Ini kipande cha kidole gumba mara moja kwa wiki, siyo zaidi, vitamini A ikizidi humkakamaza mifupa.

Visiingie kabisa: kitunguu, kitunguu saumu, kube ya supu, na maziwa ya ng'ombe ambayo humharisha.

Usibadilishe siku moja. Omba kilo moja ya chembe zake, uchanganye robo ya sambaza siku tatu, nusu siku tatu, robo tatu siku tatu. Paka mzima akigoma kula siku mbili mfululizo ni hatari kwa ini lake, usishindane naye kwa njaa.

Mama_Keshero

Nimekubali mzima, lakini mpokeeni vizuri. Mje naye na kitambaa chake ambacho hakijafuliwa na mchanga kidogo wa beseni lake la zamani, harufu hiyo ndiyo itakayomtuliza. Chumba kimoja kwa siku 3 hadi 7, watoto waingie mmoja mmoja, wakae sakafuni, paka ndiye asogee. Nje asitoke kabla ya wiki 3. Nyumba za mbao zina mianya chini ya bati. Ikagueni kabla hajafika. Beseni liwe kama sentimita 40 kwa 30, mchanga laini au maranda ya seremala kina cha sentimita 5. Ile changarawe nyeusi ya volkano hapana, paka hupenda kitu laini cha kufukua. Kinyesi kitolewe kila siku: vijidudu vya toksoplasma vilivyomo, ambavyo ni hatari kwa mimba, huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mwenye mimba nyumbani asiguse kazi hiyo.

Veterineri_Himbi

Na dawa mbili ambazo ziko karibu kila nyumba. Parasetamoli: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka, ini lake haliwezi kuivunja. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini: inaleta mtetemeko na degedege ndani ya saa chache. Akipakwa kwa bahati mbaya, mwoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mlete.

Depo_Birere

Nimeelewa. Jumamosi mtoto anaanza kwenda kwa ile familia. Yaya Majengo, kizimba cha mtego kinapatikana wapi?

Yaya_Majengo

Mchongee seremala: sentimita 80 kwa 30 kwa 35, wavu wenye matundu ya sentimita 2 na nusu, mlango wa kushuka, kibao cha kukanyagia theluthi ya mwisho. Kifunike kwa shuka mara tu mlango ukishuka, atatulia.