Moto wa kudumu kwa Raspberry Pi kwenye Probox: ufichwe na usiue betri

mtambo_mdogo:
Wakuu, habari za kazi. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ndani ya Toyota Probox, ina modemu ya 4G na kipokezi cha GPS. Vyote pamoja vinakula kama wati 5. Moto nachukua kwenye soketi ya sigara, kwa hiyo nikizima gari unakatika ghafla na kadi ya SD inaharibika. Waya nao unaonekana na kila anayeingia. Nataka moto usiokatika, ufichwe, na gari likilala siku tano liwake. Fundi ananiambia nivute direct toka kwenye betri, yatosha?

waya_mbili:
Kuvuta toka betri si kosa, ila piga hesabu kwanza. Wati 5, ukiongeza upotevu wa konvata (kifaa cha kushusha volti 12 za gari hadi 5 za Pi), ni karibu ampea 0.5 kwenye volti 12. Kwa siku ni Ah (ampea-saa) 12. Betri ndogo ya Ah 35 inafika nusu kwa siku moja na nusu, hiyo siku ya tano utakuwa unaomba watu wakusukume. Kupata moto wa kudumu ndiyo kazi rahisi. Ugumu uko kwenye kuukata kwa wakati.

Kwa hiyo swali: unataka iwe macho gari likiwa limeegeshwa, au unataka tu izimike kistaarabu?

mtambo_mdogo:
Iwe macho saa tatu hivi baada ya kuzima, kisha ilale.

waya_mbili:
Basi inawezekana, saa tatu ni kama Ah 1.5 tu.

Moto uchukue kwenye boksi la fyuzi la ndani kwa kichopeo cha fyuzi (kile chenye nafasi mbili na mkia wa waya). Tafuta fyuzi yenye moto hata funguo ikiwa mfukoni: kwenye Toyota nyingi ni DOME au ECU-B. Usiguse ya SRS (mikoba ya hewa), ABS (breki) wala EFI (injini). Pima kwa mita, funga milango, subiri nusu saa, pima tena. Magari mengine hukata DOME yenyewe baada ya muda.

Kichopeo kina upande. Toa fyuzi ya zamani, gusa matundu yote mawili kwa mita: lenye volti 12 ndilo la moto. Mguu wa kichopeo ulio mbali na mkia wa waya ndio uingie hapo. Ukigeuza kitafanya kazi, lakini mzigo wako utapita pia kwenye fyuzi ya zamani, na siku ikiungua hutajua nani kaiunguza. Fyuzi yako iwe ya 3A, waya mm² 0.75. Hasi ifunge kwenye bolti ya bodi nyuma ya paneli ya miguuni, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Waya uviringe tepu ya nguo kama ile ya kiwandani, ufuate njia ya nyaya zilizopo. Mweusi unaong'aa katikati ya nyaya za Toyota unajiuza wenyewe.

soda_na_risasi:
Mkuu kamaliza upande wa boksi, mimi naongeza kabla ya konvata. Alteneta ikipoteza betri ghafla, moto unaruka kupita volti 40. Baada ya fyuzi weka dayodi ya TVS (ya kubana volti zinazoruka) 1.5KE27A kwenda bodi, inabana kwenye volti 37.5. Konvata ya LM2596 inavumilia 40, kwa hiyo inapona. XL4015 mwisho wake ni 36, usiitumie hapa hata kama kwenye karatasi inatoa ampea nyingi zaidi. Kisha dayodi 1N5822 (inazuia moto kurudi nyuma) na kapasita ya 4700 µF, volti 50. Hiyo kapasita inaziba shimo la stata: wakati wa kuwasha, volti zinaweza kushuka chini ya 7 kwa muda mfupi sana, na Pi inajizima na kuwaka upya.

Konvata iseti volti 5.1 kabla hujaunga Pi. Waya wa USB uwe mfupi na mnene. Chini ya volti 4.63 Pi inalalamika. Amri ya `vcgencmd get_throttled` ikijibu kingine zaidi ya 0x0, kuna tatizo: mara nyingi waya au konvata, au Pi imepata joto kupita kiasi. LM2596 za bei ya kutupa husema 3A, zikifika 2A zinachemka.

mtambo_mdogo:
Nashukuru sana. Na OBD (soketi ya kupimia gari)? Au niweke power bank tu?

waya_mbili:
OBD pini ya 16 ina moto wa kudumu, ila ndipo mwizi anapochungulia kwanza. Power bank hapana: gari likianikwa juani kutwa ndani kunazidi nyuzi 45, na lithiamu haipaswi kuchajiwa kwenye joto hilo.

soda_na_risasi:
Kuhusu kukata: weka relei ya muda kabla ya konvata, inayoamshwa na ACC (moto unaokuja funguo ikigeuzwa) na kushikilia saa tatu baada ya funguo kutolewa. Pamoja nayo, moduli ya kukata volti zikishuka 12.2 na kurudisha zikifika 13, yaani alteneta inapochaji. Usitegemee `shutdown` peke yake. Pi 4 ikilala, soketi zake za USB bado zina moto, na modemu inaendelea kula.

Pi ijue funguo iko wapi kwa optokapla PC817 (swichi inayowashwa na taa ndogo ya ndani, bila nyaya za pande mbili kugusana): ACC ipite rezista ya 2.2k hadi kwenye taa yake, upande wa pili uunge GPIO3 (pini 5) na hasi (pini 6). Zima I2C, kwani nayo hutumia pini hiyo. Programu ndogo ya Python ihesabu dakika 175 tangu pini ipande (yaani ACC imezimwa), kisha izime. Stata huiangusha ACC kidogo, kwa hiyo pini ikishuka, hesabu ifutwe.

Kwa nini GPIO3 na si nyingine? Fikiria umerudi garini dakika ya 177. Pi imeshalala, relei haijakata, na kwa kuwa umewasha haitakata tena. Pi itabaki imelala safari nzima. GPIO3 ikivutwa chini huiamsha Pi 4 iliyolala, mradi WAKE_ON_GPIO=1 kwenye EEPROM (kumbukumbu ya mipangilio ya Pi), ambayo ndiyo seti ya kawaida.