Neva (mshipa wa fahamu) iliyokatwa kwa mzee: huota tena?

Swali: Wakuu, mkata mkonge wa Muheza, miaka 66, neva ya kiganja imeshonwa. Umri utamzuia kupona?

Jibu 1: Hauzuii, unachelewesha. Kwa kawaida neva huota kama milimita 1 kwa siku, uzeeni hupungua. Seli za Schwann (zinazozunguka nyuzi za neva) na makrofaji (seli za kinga zinazokula uchafu) huchelewa kuondoa mabaki ya mayelini (ganda la mafuta la neva), njia inabaki imeziba.

Jibu 2: Gongagonga kwa kidole kutoka ncha za vidole kurudi kwenye kovu. Anaposhtuka kama kapigwa shoti, nyuzi za neva zinazoota zimefika hapo. Weka alama, rudia kila mwezi. Isiposogea miezi 3, arudi kwa mpasuaji. Msuli uliokosa neva miezi 12 hadi 18 hunyauka moja kwa moja.

Jibu 3: Sukari mmepima? Na asishike sufuria mkono mtupu, ataungua bila kuhisi.