Mrejesho: Mtoto tuliyemwasili kutoka Colombia

Ndugu zangu, mwaka juzi niliwauliza kama mtoto ambaye mimi na mume wangu, wazaliwa wa Tanga tulio raia wa Marekani, tulitarajia kumwasili kutoka Colombia angehitaji kuombewa uraia, na kama tungeweza kumbadili jina. Sasa tunaye nyumbani.

Kuhusu uraia, waliosema tusihangaike walikuwa sahihi: Marekani na Colombia zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, na kwa kuwa uasili ulikamilikia huko huko Colombia, aliingia kwa viza ya IH-3, ambayo kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000 humfanya mtoto aliye chini ya miaka 18 kuwa raia mara anapopokewa nchini kuishi na wazazi wake.

Jina ndilo lililozua mjadala. Sheria ya watoto ya Colombia ya mwaka 2006 humpa mtoto ukoo wa wazazi wapya, lakini jina lake la kwanza, akishatimiza miaka mitatu, halibadilishwi ila yeye mwenyewe aridhie au hakimu aone sababu za kutosha. Wetu ana miaka sita, na alikataa katakata. Mama mkwe, ambaye alikwisha kumtengea jina la marehemu babu, alinuna kidogo. Mimi, kusema kweli, niliona mtoto ana haki.

Mnaofikiria nchi hiyo, anzeni kujifunza Kihispania mapema, kwani wiki za mwanzo tulielewana naye kwa ishara.